Vyungu vya Nunu na Ufunguo wa Pindoni

Huku kwetu kisiwani Juani mtu haulizwi ana kiasi gani. Ukimkuta mvuvi anashusha matenga mawili ya changu ukamwuliza kapata nini, atakwambia, "Mboga tu, bibi." Mboga, na mgongo umempinda kwa uzito. Nawe humwiti mwongo. Unamjibu alhamdulillahi, unapita zako. Mtoto akinawiri anapakwa masizi kwenye paji la uso ili asiwapendeze watu kupita kiasi, na mbuzi akizaa mapacha husemi wako wangapi mpaka wasimame vizuri. Ndivyo nilivyolelewa, ndivyo nilivyomlea Nunu, na kwa mtindo huohuo nikamharibia. Nasema mapema ili usije ukaanza kunihurumia katikati ya njia.

Mimi naitwa Zuena. Nina miaka hamsini na minane, magoti mabovu, na mdomo ambao marehemu mume wangu alikuwa akisema ungefaa kupiga mnada wa samaki Kilindoni. Sikujaaliwa kuzaa. Nunu ni mtoto wa dada yangu Asmahani, ambaye alikuwa na nywele za kumfika kiunoni. Kwenye harusi moja wanawake wakamzunguka, wakazishika, wakasifu, huyu hivi na yule vile, na hakuna hata mmoja aliyesema mashallah. Mwezi haukwisha, homa ikamchukua. Daktari alisema malaria imempanda kichwani. Sikumbishia daktari. Lakini nilikuwapo harusini, na sifa zile nilizisikia kwa masikio yangu haya.

Nunu alikuwa na miaka minne. Arubaini ya mama yake ilipopita, asubuhi moja akatoka ndani akifikicha macho akaniambia, "Shikamoo, mama." Si mama mdogo, kama inavyopasa kumwita mdogo wa mama yako. Mama, basi. Watu wakamrekebisha, shangazi zake wakamrekebisha, yeye akawa na kichwa kigumu hivyohivyo. Mimi nikanyamaza, maana nilipenda. Tangu siku ile mpaka mwaka huu hakuniita jina jingine.

Alikuwa mtoto wa kuhesabu. Anahesabu kuku wa jirani, anahesabu nazi mtini, anahesabu makaburi ya ukoo wetu. Nilikuwa nampiga vidole. "Usihesabu vya watu, Nunu. Wala vyako." Anaitika ndiyo mama, halafu namsikia anaendelea kwa sauti ya chini. Alimaliza sekondari, akaolewa na mwanamume wa Bwejuu, akarudi baada ya miaka miwili na sanduku moja na maneno machache. Sikumwuliza mengi. Nilimpikia pweza wa nazi, akala, akalala siku mbili nzima.

Biashara yake ilianzia kwenye takataka. Kulikuja watu kupanda mikoko upande wa ghuba, kazi njema tu, lakini miche ilikuja imevalishwa viriba, ile mifuko myeusi ya nailoni, na walipomaliza kupanda wakaacha viriba vimezagaa pwani nzima. Nunu akawa anaviokota. Jioni moja akaja na rundo, akalitupa uani akasema, "Mama, tuna makumbi ya nazi yanaoza kila shamba. Kwa nini mche wa mkoko uvae nailoni?"

Nikamwambia aache kuuliza maswali, akoshe vyombo. Lakini swali lilinikaa. Makumbi nayajua mimi. Mama yangu aliniachia shimo lake la kufukia makumbi kule kwenye tope la mikokoni, nalo aliachiwa na mama yake. Unayafukia, unayawekea mawe, unayasahau miezi sita au zaidi, na ukiyafukua yamelainika, unayaponda kwa kigogo mpaka ubaki usumba mtupu, ule uzi wa kusokotea kamba. Kazi ya kunuka na ya kuchosha, na vijana wote wameikimbia. Nunu hakuikimbia. Alichukua usumba, akauzungushia kopo la maziwa, akaushona kwa uzi mwembamba wa usumba huohuo, akachomoa kopo. Kikabaki chungu kidogo chepesi, kinapitisha maji, na ukikizika pamoja na mche kinaozea humohumo na mizizi inapenya.

Vya kwanza vilikuwa vibaya, nisikufiche. Vimelala upande kama watu waliolewa. Nilicheka mpaka nikaomba radhi. Tukavirudia. Baada ya mwaka tulikuwa wanawake sita, tunashona uani kwangu kuanzia asubuhi mpaka maji yajae, na hoteli mbili za Utende wanachukua, na watu wa miche wa Kilindoni wanachukua. Mimi ndiye niliyekuwa fundi. Mkono wangu hakuna aliyeufikia, na hilo nalisema ingawa si desturi yetu kujisema.

Mwaka wa elfu mbili na ishirini na mbili Nunu akasikia redioni habari za programu moja ya Dar es Salaam ya kukuzia biashara changa. Akapanda kule kwenye kilima cha mtandao, akajaza fomu kwenye simu, akarudi mbio. Nikamwuliza ni nini tena.

"Wanachagua biashara kumi na mbili, mama. Ndogondogo, zile zinazoanza. Miezi mitatu wanakufundisha, wanakupa pesa za kununulia vifaa, na kila mmoja anapewa mlezi wake."

"Mlezi?"

"Mlezi wa biashara. Mtu aliyekwisha kuifanya, akaanguka, akainuka. Anakushika mkono. Na mwisho wanakusimamisha mbele ya watu wenye mitaji na wanunuzi wakubwa, unawaeleza."

"Na wao wanapata nini? Mtu hampi pesa mtu asiyemjua."

"Wanachukua kisehemu kidogo cha biashara. Ikikua, wanakua nayo. Isipokua, wamepoteza."

"Kama kumpa mtu minazi michanga aitunze, mje mgawane nazi?"

"Ndiyo hivyo, mama. Umeelewa haraka kuliko mimi."

Nilielewa, ndiyo. Ila lile neno mlezi lilinichoma. Nimemlea mimi, kwa maziwa ya mbuzi na dawa ya minyoo, sasa kuna mlezi mwingine anatoka Dar. Nilijishughulisha na usumba.

Mlezi mwenyewe aliitwa Mudrik, na lazima nimpe haki yake, alikuwa mtu wa maana. Waliopita kwenye fomu walipewa walezi mapema, na kwa miezi mitano, kabla hawajachagua wale kumi na mbili, kila Alhamisi alikuwa anampigia simu Nunu pale kilimani. Siku ya kwanza alimwuliza anauzaje chungu kimoja. Nunu akataja. Akamwuliza, "Na mikono yako umeipangia bei gani? Na ya mama yako? Na lile shimo la bibi yenu?" Kumbe tulikuwa tunauza usumba tukitoa bure kazi yetu yote. Akamfundisha kupanga bei, na akamfundisha kumwambia mwenye hoteli bei mpya bila kuinama. Nunu alikwenda Utende, akarudi na bei mpya wamekubali, na siku ile aliimba njia nzima kutoka pwani.

Kisha Mudrik akamtafutia mnunuzi. Kitalu kimoja kikubwa cha Bagamoyo kilikuwa kinataka vyungu elfu nne kwa kuanzia na elfu mbili kila mwezi. Sisi kwa mikono tulikuwa tunafika elfu moja na mia nne. Palihitajika mashine ya kushindilia, na pesa za mashine zilikuwa kwenye ile programu. Unaona basi mambo yalivyokaa. Akiingia, anapata mashine, anapata Bagamoyo, wanawake sita wanakuwa ishirini. Asipoingia, tunabaki na kopo la maziwa. Na Nunu, ambaye ndoa ilimrudisha na sanduku moja, alikuwa ameweka moyo wake wote hapo.

Tukashona kwa miezi, tukajaza oda ile ya kwanza yote kabla haijaombwa rasmi, ili wakaguzi wakija waone kwa macho. Elfu nne na mia mbili. Tulivipanga kwenye stoo ya marehemu mume wangu alimokuwa akiwekea nyavu, mpaka darini, na ukifungua mlango harufu ya usumba inakupokea.

Kwa jioni kadhaa Nunu alikuwa anasimama uani kufanya mazoezi ya kujieleza. Ananyoosha mgongo. "Mimi naitwa Nunu Mbarouk. Sisi wanawake wa Juani tunatengeneza vyungu elfu moja na mia nne kwa mwezi, na stoo yetu ina vyungu elfu nne na mia mbili tayari kwa soko."

"Astaghfirullah. Punguza sauti, watu wanasikia."

"Mama, si ndiyo nataka wasikie."

"Kizuri chajiuza, Nunu. Kibaya ndicho chajitembeza."

"Na kizuri kilichofungiwa stoo kinajiuza kwa nani? Kwa panya?" Akaja akachuchumaa mbele yangu, akanishika magoti. "Mama, mficha uchi hazai. Wale watu hawatujui. Wakikuuliza wewe, waambie kama ilivyo. Usiongeze hata kimoja, lakini tafadhali usidogoshe. Nakujua wewe. Niahidi."

Nikamwahidi. Wallahi nilimwahidi, na nilidhani namaanisha. Akanipa ufunguo wa stoo, nikaufunga kwenye pindo la kanga, mahali ninapofungia kila kitu cha thamani.

Siku ya wakaguzi Nunu alivuka na boti ya alfajiri kwenda kuwapokea uwanja wa ndege Kilindoni. Kumbe wao walikuwa wamekwisha kufika tangu jana yake na kulala Utende, na nahodha wa pale akawaambia maji yanaanza kupwa, wakingoja hawatashuka Juani mpaka jioni. Simu ya Nunu haikushika. Wakavuka peke yao. Nilikuwa napepeta mchele, nikasikia hodi, wameingia: dada mmoja jina lake Tumaini, mpole, kajifunga mtandio kwa heshima ya mahali, na mzee mmoja mwenye faili.

"Shikamoo, mama. Sisi ndio tunaotoka kwenye programu ya Nunu."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni mkeka."

Hapo ndipo niliposhikwa. Mwanaharusi, jirani yangu, alikuwa amekaa kibarazani kwangu tangu asubuhi anasokota kamba yake. Mwanaharusi si mtu mbaya na simwiti mchawi. Ana tabia ya kusifu tu. Na ndiye yuleyule, miaka ile, aliyekuwa wa kwanza kuzishika nywele za Asmahani. Akakodoa macho, akaacha kamba, akageuka kusikiliza.

Dada Tumaini akafungua daftari. "Mama, hapa mnatengeneza vyungu kama vingapi kwa mwezi?"

Nikamtazama Mwanaharusi. Ulimi ukaniganda. "Ah, vile vinavyopatikana, mwanangu. Tunajaribujaribu."

"Kama mia? Mia mbili?"

"Ni vijikazi tu vya kupotezea wakati, sisi watu wazima."

Akatazamana na yule mzee. Akarudi kwangu, taratibu, kama mtu anayemsaidia mwenzake kuvuka tope. "Nunu ameandika elfu moja na mia nne kila mwezi. Na kwamba kuna elfu nne na mia mbili stoo."

Mwanaharusi akasema, "Elfu nne!" Akapiga kofi.

Nikacheka. Sijui kicheko kile kilitoka wapi, mpaka leo nakisikia. Nikasema, "Watoto wa siku hizi, mwanangu, kalamu zao nyepesi."

Hayo ndiyo maneno yangu. Sikuyapunguza hapa, wala sikuyaongeza.

Dada Tumaini akaacha kuandika. Mzee akauliza kama wanaweza kuiona stoo hata kwa dakika moja. Ufunguo ulikuwa pindoni mwangu, naugusa kwa kidole gumba. Nikasema ufunguo kaondoka nao Nunu. Wakangoja kidogo, wakanywa uji wangu, wakausifu, nahodha akaita kutoka pwani kwamba maji yanawaacha. Wakashukuru kwa adabu, wakaenda. Mwanaharusi naye akajiondokea, na mimi nikabaki uani nimekaa vizuri kabisa, nimeridhika, nikijiambia nimemkinga mtoto wangu na jicho. Ndivyo nilivyojiambia.

Na kwa kuwa leo nasema, niseme yote. Husuda niliiogopa kweli, lakini haikuwa peke yake. Miezi mitatu ya Dar ilikuwa humo, na nyumba hii bila mtu wa kuniamkia. Yule mlezi alikuwa humo. Sikuyapanga, sikukaa nikala njama. Lakini ulimi ulipoganda, kuna sehemu yangu ambayo haikufanya juhudi ya kuugandua.

Nunu alikutana nao Utende wanashuka botini, wana haraka ya ndege. Akarudi kwangu jioni amejaa vumbi la barabara yote ya Kilindoni. Hata maji hakunywa. "Dada Tumaini kasema wameonana na mama, wanashukuru. Hakunitazama sana usoni, nadhani ni haraka. Mama, uliwaonyesha stoo?"

Ningeweza kusema wakati ule. Simu zilikuwepo, kulikuwa na kesho, Mudrik alikuwepo. Angepiga simu, angepiga picha, mambo yangetengenea. Nikamtazama alivyosimama, nikaona nitaonekana mjinga, nikaona atanikasirikia.

"Niliwaonyesha," nikasema.

"Waliona vyote? Mpaka vya darini?"

"Waliona."

Akanibusu mkono.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Lilikuwa jibu la adabu, kwamba biashara yake bado haijafikia hatua wanayoitafuta, asikate tamaa, aombe tena siku zijazo. Nunu alilisoma kilimani akashuka amesawijika. Alhamisi akampigia Mudrik. Mudrik akapokea, akasema maneno mawili matatu ya baridi, kwamba katika biashara kitu cha kwanza ni ukweli, akamtakia heri. Alhamisi iliyofuata hakupokea. Nunu alikuwa ananiuliza mimi, mimi huyu, "Mama, mbona Kaka Mudrik amebadilika? Nimemkosea nini?" Nami nikamjibu watu wa mjini ndivyo walivyo.

Bagamoyo bila mashine hatukuweza. Vile vyungu vya stoo Nunu aliviuza kwa wenye hoteli, kidogokidogo, kwa bei waliyotaka wao, maana alikuwa amerudi kuinama. Vingine viligugunwa na panya. Wale wenzetu wanne wakarudi kwenye kilimo cha mwani. Mwaka wa pili Nunu akapata kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja Utende. Anavuka asubuhi, anarudi jioni, mikono inanuka sabuni, ngozi imechubuka. Hanung'uniki. Ningepata nafuu kama angenung'unika. Na kuhesabu ameacha. Ukimwuliza kapeleka mashuka mangapi atakwambia, "Kiasi tu."

Mara tatu nilijaribu kumwambia. Mara ya kwanza alikuwa na homa. Mara ya pili wageni waliingia. Mara ya tatu hakukuwa na sababu yoyote, niliogopa. Wanasema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Mimi mjukuu sina. Haya yangu niliyabeba mwenyewe tangu siku ya kwanza, nikijua yako wapi.

Mwaka huu, kabla ya mfungo, akaja Amina, binti wa mtaa wa juu, msichana wa miaka ishirini na mbili anayekausha pweza kwa kichanja alichokibuni mwenyewe, safi kabisa, inzi hagusi. Ilikuwa baada ya alasiri, Nunu amerudi kazini, yuko uani anasuka mkeka. Amina akakaa, akatoa simu. Ile programu imetangaza tena. Anaomba Dada Nunu amsaidie kujaza fomu, kwa kuwa yeye alifika mbali.

Nunu hakuacha kusuka. "Usijisumbue, Amina."

"Kwa nini, dada?"

"Mimi walikuja mpaka hapa. Wakaona stoo imejaa mpaka darini, vyungu elfu nne na mia mbili. Wakasema bado. Sasa nami nikafikiri sana, nikaona wao wamewaona wengi, wanajua kazi ikoje. Kuna watu kazi zao zinatosha na kuna watu kazi zao hazitoshi. Mtu akijua mapema yuko wapi, hapotezi umri wake."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekutajia boti inaondoka saa ngapi. Na hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Nilikuwa nikidhani nimemnyima mashine. Kumbe miaka mitatu mtoto huyu ameishi akiamini kwamba watu walisimama mbele ya kazi yake nzuri kuliko zote, wakaitazama yote, wakaona si kitu.

Nikasema, "Nunu. Stoo hawakuiona."

Mkono wake ukasimama kwenye ukindu.

Nikamwambia. Nilianza na Mwanaharusi, nikaona naanza kujitetea, nikaacha, nikarudi mwanzo. Nikamwambia vijikazi vya kupotezea wakati. Nikamwambia kalamu nyepesi. Nikamwambia uongo wa jioni ile. Amina alikuwa anatazama chini, masikini ya Mungu, hajui aondoke au akae.

Kitu cha kwanza alichosema hakikunihusu. "Kwa hiyo Kaka Mudrik alidhani nilimdanganya."

"Ndiyo."

"Aliniwekea dhamana, mama. Aliwaambia wenzake huyu ana vyungu elfu nne."

"Najua."

"Ufunguo ulikuwa wapi?"

Nikagusa pindo. Ulikuwa humo bado; miaka yote stoo nilifungua mimi, kisha naurudisha pindoni, kanga hii mpaka kanga ile. Akanyoosha mkono. Fundo lilikuwa limekaza, akanisaidia kulifungua yeye mwenyewe, taratibu, bila kunivuta. Akaenda na Amina mpaka stooni. Nikasikia mlango unakwama, unasukumwa. Vilikuwa vimebaki vichache nyuma, chini ya nyavu, na nikamsikia anaviokota akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, sauti ya kusikika mpaka kwa Mwanaharusi. Vilikuwa thelathini na saba.

Kisha wakapanda kilimani wote wawili na simu. Alimtafuta Mudrik. Sijui waliongea nini, hakunieleza na sina haki ya kuuliza. Najua tu kwamba walijaza fomu ya Amina, na kwamba siku ya pili Nunu alijaza nyingine ya kwake, na pale panapoulizwa mshirika wako katika biashara ni nani aliandika jina la Amina. Amina mwenyewe ndiye aliyeniambia, kwa aibu, kama anayeomba msamaha. Nikamwambia hapana, ndivyo inavyopasa. Wakikubaliwa au wasikubaliwe, safari hii watakuwa wameonwa kama walivyo.

Hakunigombeza. Hajanigombeza mpaka leo. Chakula ananipikia, magoti ananikanda kwa mafuta ya nazi, dawa zangu ananinunulia Kilindoni. Mtu akipita nje ataona binti mwema na mzee wake.

Ila asubuhi iliyofuata ile jioni ya ufunguo nilikuwa nimekaa kibarazani, namngoja atoke aende botini. Akatoka, amejifunga mtandio, begi begani. Akasimama mbele yangu, akainamisha kichwa kwa heshima zake zote.

"Shikamoo, mama mdogo."

Miaka ishirini na tano. Nikaitikia, "Marahaba, mwanangu," naye akaenda pwani asije akakosa maji ya kuvukia.